Dagaa, ng'onda na papa wa pwani katika masoko ya Dodoma: nini ununue, nini upite

Kiroba cha dagaa wa baharini kikifunguliwa asubuhi sokoni Majengo, ndani yake mna habari za mji mwingine. Anayejua kusoma ataona kama jua lilitoka Pangani siku dagaa walipoanikwa, kama boti zilichelewa kufika ufukweni Bagamoyo, hata kama mchemshaji wa Kilwa Kivinje alibania kuni. Asiyejua ataona dagaa tu, na atalipa bei ileile kwa mzigo mzuri na mbovu. Hapa tunapitia bidhaa hiyo: samaki wa pwani wanaofika Dodoma wakiwa wakavu, wa chumvi, wa kukaanga na wa barafu. Dagaa watachukua nafasi kubwa kwa sababu ndio wengi, na ndio wanaotatanisha wanunuzi zaidi.

Kwanza tuwatofautishe, maana mezani huchanganywa. Dagaa wa Kigoma ni warefu kiasi, wanang'aa, wana mafuta, huanikwa bila chumvi, na bei yao iko juu. Dagaa wa Mwanza ni wadogo, bapa, weusi kidogo tumboni, na uchungu wao unatoka humo tumboni. Wa baharini wamechemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo nyama yao ni nyeupe na ngumu. Tazama ubavuni: kuna mstari mpana wa rangi ya fedha unaoanzia karibu na shavu hadi mkiani, na mdomo umepasuka kupita nyuma ya jicho. Ukiwa na shaka, ramba mmoja. Wa ziwani hana chumvi, wa baharini anayo. Muuzaji anayekuambia "hawa ni wa Kigoma" huku ulimi unakuambia chumvi, mwachie dagaa wake.

Kalenda ya mwezi

Dagaa wa pwani huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri, za sola au za jenereta. Mwanga huwavuta dagaa juu na kuwakusanya, kisha boti huzungusha wavu. Sasa taa hiyo ina nguvu gizani tu. Mwezi mpevu ukiwaka, bahari nzima ina mwanga, dagaa hutawanyika, na mafuta ya injini huwa hasara. Ndiyo maana wavuvi husema wako "gizani" au "mbalamwezini" kama mtumishi asemavyo yuko kazini au likizo. Siku kama saba hadi kumi kuzunguka mwezi mpevu mji hupumzika: nyavu hushonwa, boti hukalafatiwa, injini hufunguliwa, mahesabu ya mgawo kati ya mwenye chombo na mabaharia humalizwa, mara nyingine kwa kelele. Harusi nyingi nazo hupangwa humo, kwa kuwa vijana wapo na wana pesa.

Mnunuzi wa Dodoma afanye hesabu hii. Dagaa waliovuliwa leo usiku huchemshwa asubuhi, huanikwa siku moja au mbili, hukusanywa na mchuuzi mpaka mzigo wa lori utimie, ndipo husafiri. Kwa kawaida ni kama wiki moja kutoka majini hadi mezani kwako. Maana yake ni kwamba mwezi unaouona juu ya Dodoma na mzigo unaoukuta sokoni havilingani. Sokoni unanunua mwezi wa wiki iliyopita. Mwezi mpevu ukiwa angani, soko bado lina dagaa wazuri wa giza lililopita. Siku tatu nne baadaye ndipo mambo hubadilika. Kuanzia hapo hadi mwezi ubaki ukucha mwembamba unaoonekana alfajiri, mezani kuna masalia, bei inapanda, na viroba vya zamani vilivyofichwa nyuma vinasogezwa mbele. Wiki hiyo kula perege wa Mtera. Mwezi ukikaribia kuandama, rudi.

Upepo nao una sehemu yake. Kusi inavuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Agosti, na vyombo vidogo hukosa siku nyingi za kazi. Maleleji ya Oktoba na Novemba, bahari ikiwa shwari, ndiyo wakati wa mzigo mwingi na mzuri. Masika, yaani Machi hadi Mei, dagaa huvuliwa lakini hawakauki: mvua inanyesha juu ya chanja za kuanikia, na kinachofika Dodoma ni laini na kina harufu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotua Mafia, vyombo vilivutwa juu na mafuriko yakakata barabara ya kusini pale Somanga, hivyo mzigo wa Kilwa na Lindi haukuwa na njia hata kwa aliyekuwa nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa kwa mikoa ya Tanga, Pwani, Lindi na Mtwara, mtu wa Dodoma huona tangazo hilo halimhusu. Linamhusu baada ya siku tano.

Kuna na habari ndogo ambazo redio ya taifa haitangazi. Vijiji vingi vya pwani havitoi vyombo Ijumaa mpaka baada ya swala, au havitoi kabisa. Mji ukiwa na msiba, boti nyingi hubaki. Mwezi wa Ramadhani ratiba ya usiku hubadilika. Mchuuzi mzuri wa Dodoma ana simu ya mtu wa ufukweni na anajua haya yote. Muulize tu, "Mzigo huu ni wa giza lipi?" Anayejibu bila kufikiri, kisha akakutajia mji, nunua kwake. Anayekutazama kama umemuuliza fumbo, huyo naye kanunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu.

Mzigo wa Bagamoyo huwahi. Lori likitoka hapo hupita Msata, Chalinze, Morogoro, Gairo na Kibaigwa bila kugusa foleni za Dar es Salaam. Mzigo wa Kilwa huanza na takriban kilomita 300 za kufika Dar kabla hata ya kuanza kilomita 450 za kuja huku, na mara nyingi hushushwa na kupakiwa tena njiani. Kila kushushwa ni vichwa kuvunjika. Ukiona kiroba chenye vipande vingi kuliko dagaa wazima, kimeshapita mikono mingi.

Namna ya kuwapima mezani

Shika konzi moja na uminye kwa nguvu, kisha fungua kiganja. Dagaa wakavu huachana na kudondoka wakitoa mlio wa majani makavu. Wabichi hubaki bonge. Kunja mmoja: anayekatika kwa mlio yuko sawa, anayepinda kama kamba bado ana maji na atapata ukungu kabla hujammaliza.

Tazama umbo. Dagaa aliyechemshwa akiwa bado mbichi wa bahari hujikunja kama mundu, kwa kuwa nyama hujivuta inapokutana na maji ya moto. Aliyelala muda mrefu kwenye boti bila barafu hunyooka, na tumbo lake hupasuka, maana utumbo huanza kujila wenyewe kabla ya kufika sufuriani. Kiroba chenye wengi waliojikunja na matumbo mazima ni kazi ya mchemshaji aliyepokea samaki alfajiri na kuwasha moto papo hapo. Matumbo yaliyopasuka kwa wingi ni chelewa chelewa, na uchungu wa nyongo utausikia kwenye mchuzi hata uweke nyanya ngapi.

Rangi iwe nyeupe au ya fedha iliyofifia. Manjano ni mafuta yaliyoungua kwa jua na hewa, yaani dagaa wa zamani. Hawadhuru sana, ila wanawasha kooni. Unga mweupe juu ya ngozi ni chumvi, si ukungu. Ukungu una manyoya na hunusa kama gunia lililolowa. Harufu inayochoma puani kama mkojo ni kuoza. Usishawishiwe na maneno "ndivyo dagaa walivyo".

Mchanga ndio malalamiko makubwa ya walaji wa Dodoma, na chanzo chake kiko ufukweni. Dagaa wanaoanikwa juu ya chanja, yaani meza ya miti iliyowambwa wavu, hawana mchanga na hukauka upesi kwa kuwa hewa inapita chini. Wanaomwagwa juu ya turubai au nyavu zilizotandikwa mchangani hupata mchanga upepo ukivuma, na kuku na mbuzi hupita juu yao. Omba bakuli la maji kwa mama lishe wa jirani, dondosha konzi moja, koroga, kisha toa dagaa. Kinachobaki chini ndicho unachokinunua kwa bei ya samaki. Vijipunje vichache vinavumilika. Safu inayofunika kitako cha bakuli haivumiliki.

Jambo la mwisho la mezani si la kupuuza. Ikiwa ni saa sita mchana, meza zote zina inzi, na meza moja ya dagaa haina hata inzi mmoja, jiulize dagaa hao wamepuliziwa nini. Nusa kwa makini. Dawa ya wadudu ina harufu tamu ya kemikali isiyofanana na chumvi wala samaki. Hao hata ukipewa bure usichukue, na kuosha hakusaidii.

Sado au kilo?

Sado, kopo la lita 4, hupima ujazo. Mzani hupima uzito. Hewa ya Dodoma ni kavu, mji uko juu mita zaidi ya 1,100, na kati ya Juni na Oktoba dagaa huendelea kupoteza maji wakiwa sokoni. Mchuuzi aliyenunua kilo 50 pwani anaweza kushangaa mzani ukisema pungufu ingawa hakuna aliyeiba. Hapo ndipo wengine hurudisha uzito kwa kunyunyiza maji usiku. Kanuni yake ni hii: dagaa wakiwa wakavu kabisa, nunua kwa kilo, maana kilo moja ya wakavu ni samaki wengi, takriban kilo tatu hadi nne za wabichi ndizo zilizotoa kilo hiyo. Wakiwa na unyevu na huna chaguo, nunua kwa sado ili usilipie maji, kisha uwaanike siku hiyohiyo.

Sado nayo ina ujanja wake. Geuza kopo uone kitako. Kitako kilichobonyezwa kuingia ndani kinakula samaki wako kila mara. Angalia pia kilima cha juu: muuzaji anayejaza polepole na kuacha dagaa wakae ovyo ovyo ana hewa nyingi ndani kuliko anayetikisa kopo mara moja. Mwambie atikise. Atacheka, lakini atatikisa.

Jikoni

Kwa watu watano, vikombe viwili vya dagaa wa baharini vinatosha na kubaki. Wamwagie maji ya moto, acha dakika tano, zisizidi, la sivyo wanavunjika. Osha mara tatu, na kila mara watoe dagaa kwa mkono. Usimwage maji pamoja nao, maana mchanga ulio chini utarudi juu yao. Chuja mpaka wakauke, la sivyo mafuta yataruka. Kaanga kwa vijiko vinne vya mafuta ya alizeti, moto wa kati, dakika tatu au nne hadi wawe na rangi ya dhahabu, kisha waepue. Kwenye mafuta hayohayo kaanga vitunguu viwili, nyanya nne na hoho moja hadi mafuta yaelee juu, ndipo uwarudishe dagaa kwa dakika tano. Kamulia ndimu. Chumvi usiguse mpaka uonje. Makosa mengi ya mapishi ya dagaa hawa Dodoma yanatoka kwa mpishi aliyezoea wa Mwanza na kutia chumvi kwa mazoea.

Kwa karanga, nusu kikombe cha karanga zilizosagwa, zilizokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, hutiwa mwishoni na kuchemka dakika kumi kwa moto mdogo. Kwa ugali wa uwele au mtama na mlenda, dagaa wakaangwe pembeni na kuliwa hivyo hivyo wakiwa wakavu. Ukiwatia ndani ya mlenda wanalainika na kupoteza kile kilichowaleta kutoka pwani.

Hukumu: dagaa wa baharini wa giza jipya, waliokaushwa chanjani, ni ununuzi bora kuliko samaki wote wa pwani wanaouzwa hapa. Wanavumilia safari bila kubadilika.

Ng'onda, nguru na papa wa chumvi

Hawa hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa. Wengi huja katika makanda na magunia, na ndio wanaouzwa kwa kipande. Chagua kipande kigumu kinachogonga kama ubao, chenye unene unaolingana. Sehemu nene karibu na uti wa mgongo ndiyo inayooza kwanza kwa sababu chumvi huchelewa kufika, kwa hiyo ingiza ncha ya kisu hapo na unuse kisu. Usione haya, muuzaji mzoefu atakupa kisu mwenyewe.

Rangi ya waridi juu ya ng'onda, yenye utelezi, ni vijidudu vinavyopenda chumvi. Hutokea mzigo wa chumvi ulipokaa kwenye joto na unyevu. Usinunue. Madoa madogo ya kahawia, kama kahawa iliyosagwa, ni kuvu isiyozama ndani. Husuguliwa na brashi kavu, lakini bei ishuke.

Kuhusu papa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo hufanya watu watupe kizuri au wale kibaya. Mwili wa papa, na wa taa (yule samaki bapa mwenye mkia mrefu), una urea nyingi kwa asili yake, na akikauka urea hiyo hugeuka amonia. Harufu kali kiasi ya papa mkavu ni yake ya kuzaliwa, na huondoka ukimloweka. Nguru, changu au chewa hawana urea hiyo kwa kiasi kama hicho. Harufu ileile kwao ina maana wameoza. Kwa hiyo pua yako iulize kwanza jina la samaki.

Kuloweka: saa sita hadi nane kwenye maji ya baridi, ukibadilisha maji mara tatu. Papa mbadilishie mara nne, na maji ya mwisho tia maji ya ndimu. Usiloweke kwa maji ya moto. Nje hulainika, chumvi ya ndani hubaki. Baada ya hapo mchome kidogo kwenye jiko la mkaa ndipo umpike kwa tui. Nazi za Dodoma huja kutoka pwani vilevile, na nyingi zimekaa; tikisa usikie maji, na chunguza macho yake matatu kama yana ukungu.

Hukumu: nguru wa chumvi ni mzuri na ghali, mnunue mwezi unapokuwa mbaya kwa dagaa, kwa kuwa yeye havuliwi kwa taa na hajali giza. Papa ni kwa wanaompenda. Aliyekulia kwenye mlenda hatabadilishwa dini na papa, wala asilazimishwe.

Vibua vya kukaanga

Kwa ufupi: acha. Kibua aliyekaangwa Dar jana mchana, akasafiri kwenye ndoo yenye mfuniko, ameshakuwa laini, mafuta yamechina, na ana hatari ya ziada. Vibua, jodari na nguru wakikaa kwenye joto kabla ya kupikwa hutengeneza sumu iitwayo histamini, ambayo moto wa kukaangia hauiondoi. Dalili huja haraka, mara nyingi ndani ya saa moja: midomo kuwasha, uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga, tumbo kuvuruga. Samaki mwenyewe anaweza asinuke kabisa; mlaji huhisi tu ladha kama ya pilipili mahali ambapo hapana pilipili. Jua pia kwamba vibua vingi vya boksi huja vimegandishwa kwa meli kutoka ng'ambo. Si dhambi, ila visiuzwe kwa jina la Bagamoyo. Vya boksi vinafanana urefu kama vimepigwa rula. Vya ufukweni huja wakubwa kwa wadogo.

Samaki wa barafu kwa basi

Huduma hii imekua: unampigia mtu wa Feri, soko la samaki la Dar, au wa mnada wa Bagamoyo, anakununulia changu, tasi au kolekole, anawapakia kwenye deli, yaani chombo cha kutunza baridi, basi linaleta, unachukua stendi ya Nzuguni, hatua chache kutoka Soko Kuu la Job Ndugai. Ikifanywa sawasawa inazidi chochote utakachokuta kwenye friza za mjini. Ikifanywa vibaya umelipia nauli ya uozo.

Mambo ya kumwagiza mtumaji, tena kwa maneno wazi. Samaki watolewe utumbo na mashavu, waoshwe, na tumbo lijazwe barafu. Barafu iwe kilo moja kwa kilo moja ya samaki, iliyopondwa. Wengi huweka nusu ya hapo kwa kuwa barafu ina uzito na basi linatoza. Ianze safu ya barafu chini, samaki, barafu, samaki, na imalizie barafu juu. Chupa za maji yaliyogandishwa hazivujishi na makondakta wanazipenda, lakini hugusa samaki sehemu chache tu, na walio katikati hupata joto. Zitumie kama nyongeza. Deli lifungwe kwa utepe wa gundi pande zote na liandikwe saa ya kupakiwa. Basi la usiku ni bora kuliko la mchana, kwa sababu buti ya basi juani kati ya Chalinze na Morogoro ni tanuri.

Ukipokea, fungua hapohapo stendi. Bado kuwe na barafu, si maji tu. Jicho la samaki liwe limejaa na wazi, si limezama na kuwa jeupe. Bonyeza mgongo kwa kidole: shimo lirudi. Kwa samaki aliyetumwa na mashavu yake, mashavu yawe mekundu, si ya kahawia. Kasoro ikionekana, piga picha deli likiwa wazi na saa iliyoandikwa ikionekana, kabla hujaondoka. Ukishafika nyumbani hakuna atakayekusikiliza.

Pweza aje kwa njia hiihii, akiwa amegandishwa. Kisheria asiwe chini ya gramu 500, na vijiji kadhaa vya Kilwa na Mafia hufunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili akue. Siku mwamba unapofunguliwa ndiyo siku ya kuagiza: wakubwa ni wengi, na bei ya ufukweni hushuka kwa siku chache.

Kuhifadhi

Dagaa wasikae kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Jasho lao litawaozesha, hasa Desemba hadi Aprili Dodoma inapopata mvua zake. Gunia la katani au ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, ikiinuliwa juu ya matofali, inafaa. Waanike tena saa mbili juani kila baada ya wiki mbili. Ukiona vijifunza vyenye manyoya ya kahawia na unga chini ya ndoo, ni mdudu wa samaki wakavu. Watie dagaa kwenye friza siku tatu, kisha pepeta na uwaanike. Waliobaki matundu matupu, wasamehe.

Na yale mavumbi ya mwisho ya kiroba, vichwa na vipande, usiwape kuku. Mazoea hayo yanatokana na dagaa wa Mwanza, ambao hawana chumvi. Haya ya baharini yana chumvi ya sufuria nzima, na vifaranga wakiyala hunywa maji bila kukoma, huhara, na baadhi hufa kabla ya jioni. Weka kwenye mchuzi wa maharage, badala ya chumvi.